Kopo la Chumvi

Simu ni ya Bi Haluwa wa zahanati,
kioo chake kimepasuka pembeni kama ganda la yai.
Alitupa siku tatu.
"Rekodini mnachokula," alisema,
"si mnachokitamani."

Maana ile video ya kwanza, iliyokuja na gari jeupe,
tuliicheka mpaka mwalimu akazima jenereta:
msichana wa katuni, mashavu kama nyanya,
amemaliza glasi ya maziwa,
sasa anauma tofaa.
Tofaa! Hapa Muyeye
tofaa linaishi kitabuni, ukurasa wa herufi T,
na hata huko panya wameshalila nusu.

Basi tukatoka na simu yetu.
Tukarekodi mchicha uliojiotea nyuma ya tangi la maji,
tukamrekodi Mama Sidi akitwanga kisamvu,
akitutukana kila mchi unaposhuka,
na dagaa juani, na nzi,
waigizaji wasiodai malipo.
Dama akasoma karatasi yake:
"Damu inataka madini ya chuma."
Akacheka. Akarudia:
"Damu inataka madini ya chuma,
na sisi tunaoipoteza kila mwezi
tunayataka zaidi."
Aibu ikampanda hadi masikioni.
Hatukuikata sehemu hiyo.

Umazi hakutaka kurekodiwa.
Mfukoni mwa sketi ana udongo,
vipande vya shilingi tano tano,
anavitafuna wakati wa hesabu, taratibu,
kama mtu anayekula siri yake mwenyewe.
Akipanda ngazi mbili hushika ukuta,
utadhani ukuta ndio uliomwita.
Nilipomwelekezea simu akaiziba kwa kiganja.
Kiganja kikajaa kioo kizima,
hakina wekundu hata wa kuazima.

Bi Haluwa alipofika hapo aliisimamisha picha.
Hakuuliza jina.
Aliuliza, "Huyu, kwao ni wapi?"

Usiku ule, nyumbani,
niliiegemeza simu kwenye kopo la chumvi
nikaenda kukaa mahali pangu.
Sikupanga neno. Nilitaka sima ionekane ikifuka mvuke.
Lakini simu haina adabu, haijui kutazama kando:
mkono wa mama unamkata changu,
kichwa na bega kwa baba,
kati kwa Karisa, kati tena kwa Katana,
mkia kwa nyanya,
kwangu mchuzi,
na kwa mama, kile kilichoganda sufuriani.
Karisa ana miaka saba.
Magamba ya yule samaki
yalikuwa bado yamenata kwenye vidole vyangu.

Ijumaa shuka likatundikwa ukutani,
wazazi wakaja na viti vyao.
Wakamcheka Mama Sidi, naye akajicheka kuliko wote.
Kisha ikaja meza yetu,
mkono wa mama mpana kama mlango,
samaki akigawanywa mbele ya kijiji kizima.
Hakuna aliyecheka.
Mtu akakohoa huko nyuma.
Nikasikia kiti kikilia, sikugeuka,
nilikijua kiti kile.

Njiani baba alisema tu
kwamba tochi inataka betri mpya.
Mama alitembea mbele yetu, haraka,
nami nikaiona shingo yake
na nikatamani ningekuwa nimelilaza lile kopo.

Umazi sasa anameza vidonge, Jumatatu kwa Jumatatu.
Anasema vinamfunga choo.
Udongo bado anaula, lakini nusu kipande,
nusu nyingine ananipa nimshikie.

Jumapili palipikwa kunde. Samaki hapakuwa,
kwa hiyo sijui kama kuna kilichobadilika.
Ila mama alipoinua upawa alisita,
upawa ukabaki hewani, ukidondoka mchuzi,
baba akiangalia chini, Karisa akinyoosha sahani,
na mimi, simu nilishairudisha,
nikatazama kwa macho yangu tu.